Kumkanda mtu aliyetoka Kilimanjaro: mwongozo kamili kwa anayeanza kazi ya masaji Moshi

Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka lililo karibu mita 1,640, mtu anashuka zaidi ya mita 4,000 kwa siku mbili tu. Kupanda kunachosha pumzi, lakini kinachoumiza miguu ni kule kushuka. Kila hatua ya mteremko, misuli ya mbele ya paja inavutwa ikirefuka huku imekaza ili kuzuia mwili usianguke, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Maumivu hayaji papo hapo. Yanapanda polepole na kufikia kilele kati ya saa 24 na saa 72 baadaye.

Ndiyo maana mteja wa kawaida wa Moshi anaweza kukudanganya bila kukusudia. Anafika jioni ya siku aliyotoka getini, amejaa furaha ya kilele, anakwambia umkande kwa nguvu zako zote. Usiku huo hasikii sana. Ukimtii neno kwa neno, kesho kutwa atashindwa kushuka ngazi za hoteli na atasema aliyemharibu ni wewe. Kumjali mteja si kutii kila analosema, wala si kumfanyia unachojua wewe bila kumuuliza. Ni kukubaliana naye akiwa anaelewa, kisha kuendelea kukubaliana hadi anashuka kitandani. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hilo, na mikono yenyewe inakuja baadaye kidogo.

Kujifunza

Mafunzo ya muda mfupi ya masaji yapo mengi Moshi na Arusha, mengine mazuri, mengine ni ya kuuza cheti. Kabla hujalipa ada, uliza maswali mawili: nitafundishwa mwili wa binadamu, yaani mifupa, misuli na mishipa ilipo? Na nitakanda watu halisi huku mwalimu ananiangalia mikono? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, tafuta kwingine. Ongeza mafunzo ya huduma ya kwanza, Msalaba Mwekundu wanayatoa.

Mazoezi fanya kwa watu wa maumbo tofauti: shangazi mnene, kijana mwembamba wa bodaboda, mzee mwenye magoti mabovu. Waambie wakukosoe. Ndugu wana tabia ya kusifia ili uache kuwasumbua, kwa hiyo usiulize "nimefanya vizuri?" Uliza "ni wapi ungependa nisirudie?" Hilo watalijibu. Miezi ya Aprili na Mei, mvua zikinyesha na mlima ukiwa na wageni wachache, ndiyo miezi ya mazoezi. Wapagazi na waongozaji wako nyumbani na miguu yao inakudai.

Kitanda, mafuta na mataulo

Kitanda cha masaji anaweza kukutengenezea fundi seremala yeyote makini. Kipimo cha urefu ni mwili wako mwenyewe: simama wima kando yake, mikono imening'inia, umekunja ngumi, na vifundo vya ngumi viguse godoro. Kikiwa juu zaidi utakanda kwa mabega na utaumwa shingo. Kikiwa chini sana, kiuno ndicho kitakachokudai. Upana wa sentimita 70 hivi unatosha. Mwambie fundi atoboe tundu la uso, na ukingo wake aufunge sponji nene, maana tundu lenye ubao mkavu linaacha alama kwenye paji la uso la mteja.

Mafuta ya nazi ni mazuri ila yanaganda yakiwa chini ya nyuzi joto 24 hivi, na asubuhi za Juni hadi Agosti hapa Moshi utayakuta meupe kama samli. Weka chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, usiichemshe jikoni. Alizeti na parachichi hayagandi hovyo. Vyovyote utakavyochagua, muulize mteja kama ana mzio wa karanga, ufuta au lozi, kwa sababu mafuta mengi ya kuchanganya yana mojawapo. Mafuta ya kunukia, kama ya mchaichai au karafuu, ni matone machache ndani ya mafuta mengine, kamwe si peke yake kwenye ngozi. Kwa mteja ambaye jua la mlimani limemuunguza uso na shingo, yaache kabisa.

Jambo ambalo wengi hawafundishwi: taulo lililolowa mafuta ya mimea linaweza kuwaka moto lenyewe. Mafuta yaliyobaki kwenye nyuzi yanapokutana na hewa hutoa joto, na mataulo yakikunjwa yakiwa bado ya moto kutoka kwenye mashine ya kukaushia, kisha kurundikwa kabatini, lile joto halina pa kutokea. Fua kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha, anika juani, na usikunje kabla hayajapoa. Yaliyotumika yasirundikwe kwenye ndoo pembeni ya chumba hadi wiki iishe.

Mashuka hubadilishwa kila mteja, hata kama aliyetangulia alikaa nusu saa tu. Kucha zako ziwe fupi kiasi kwamba ukitazama kiganja kwa ndani huzioni. Pete na saa weka mfukoni. Nawa hadi kwenye viwiko, kabla na baada.

Dakika kumi za maswali

Hapa ndipo usalama wa kazi yote ulipo, na ndipo wengi wanaporuka ili wawahi mteja wa pili. Mkalishe mteja kwenye kiti, akiwa amevaa nguo zake. Uwe na kadi na kalamu. Usimuulize "una ugonjwa wowote?" kwa sababu kila mtu atasema hana. Uliza kimoja kimoja: una presha? Una sukari? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Unatumia dawa gani sasa hivi, hata za kununua duka la dawa? Una mimba? Umewahi kuwa na damu iliyoganda mguuni? Kuna sehemu imekufa ganzi?

Kisha maswali ya mlima: ulishuka lini? Ulianguka popote? Umelala vipi jana? Umekunywa maji kiasi gani leo? Bia za kushangilia getini nazo uliza bila aibu. Aliyelewa haingii kitandani, kwa sababu hawezi kukwambia ukweli kuhusu maumivu.

Dawa za maumivu nazo zinadanganya vilevile. Wapandaji wengi humeza ibuprofeni au diklofenaki kwa siku kadhaa. Mtu huyo hatasikia pale ambapo angesikia, hivyo nguvu yako ipunguze hata akikuomba uongeze. Wengine wanatumia Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Dawa hiyo inamkojoza mtu na huweza kuleta ganzi na kuchomachoma kwenye vidole. Ukijua hivyo hutashtuka akikwambia vidole vinamchezacheza, ila utamuuliza zaidi: ni vidole vyote au mguu mmoja tu?

Mazungumzo yenyewe yanakwenda hivi. Mwongozaji mmoja, mtu wa miaka arobaini na kitu, anaingia akichechemea kidogo.

"Karibu kaka. Umeshuka lini?"

"Jana saa saba. Dada, we bonyeza tu, mimi nimezoea."

"Nitabonyeza. Mguu upi unauma zaidi?"

"Huu wa kushoto, hapa nyuma. Umekaza tangu kambi ya mwisho."

"Vua soksi zote mbili kwanza niione miguu pamoja."

Hapo ndipo kuvua soksi kunapofanya kazi. Mashavu ya miguu yakiwa sawasawa, yamekaza yote mawili na yanauma yote mawili, hiyo ni kazi ya mteremko. La kushoto likiwa limevimba kuliko la kulia, lina joto ukiweka mgongo wa mkono, limekuwa jekundu au limeiva rangi, hujaona msuli uliochoka. Huenda umeona damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani. Kwa wageni waliokaa kwenye ndege saa nyingi, kisha wakapungukiwa maji mlimani, hatari hiyo ni ya kweli. Kuusugua mguu huo kunaweza kulikwamua donge la damu likapanda mapafuni. Usiguse. Sema hivi: "Mguu huu unatakiwa kuonwa na daktari leo, mimi siwezi kuukanda." Hospitali za Mawenzi na KCMC zote ziko mjini. Akisema pia kifua kinabana au anapumua kwa shida, usimwache aende peke yake kwa bodaboda, tafuta gari.

Wa kumrudisha na wa kumkanda kwa tahadhari

Zipo hali ambazo hakuna masaji kabisa siku hiyo. Mtu anayehema akiwa amekaa tu, anakohoa povu, anayumba akitembea au anachanganya maneno, huenda mwinuko umemdhuru mapafu au ubongo na bado hajapona ingawa ameshashuka. Hospitali. Mtu mwenye misuli iliyovimba, iliyolegea hadi hawezi kuinua mguu, na mkojo umekuwa mweusi kama kahawa, misuli imevunjika kiasi cha kuelemea figo. Hospitali, na haraka. Homa: akapime malaria kwanza. Vidole vya miguu vilivyokuwa vyeupe au vyeusi na havisikii kitu kwa sababu ya baridi ya kilele, visisuguliwe hata kidogo, kusugua kunazidisha uharibifu.

Kifundo kilichoteguka juzi hakikandwi. Hapa nitatofautiana na wazee wetu wa kuchua, ambao wengine huvuta mguu ulioteguka siku ileile huku watu wawili wamemshika mgonjwa. Siku mbili tatu za mwanzo kazi ni kupumzisha, kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kufunga bendeji na kuinua mguu. Na kama hawezi kukanyaga hatua nne, apigwe picha ya eksirei kwanza, maana mfupa uliopasuka ukichuliwa unahama.

Malengelenge, mapunye, vidonda na kucha nyeusi huhitaji tu kuzungukwa. Kanda paja, acha mguu wa chini.

Kundi la pili ni la wale unaowakanda ila kwa kubadilisha. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anapata michubuko kwa kubonyezwa kidogo, kwa hiyo tumia viganja vinavyoteleza tu. Mwenye sukari ya muda mrefu huenda hasikii nyayo zake, usimtegemee akwambie inauma. Mwenye presha inayotibiwa vizuri anakandwa, ila ainuke polepole sana. Isiyotibiwa, au anayesema leo kichwa kinamgonga, mwahirishie. Mjamzito aliyefika katikati ya mimba alale kwa ubavu wa kushoto, mito miwili kati ya magoti, bila kubonyezwa kwa kina kwenye miguu. Mwenye saratani aje na neno la daktari wake.

Makubaliano

Baada ya maswali, mwambie utakachofanya: "Nitaanza mgongo, kisha miguu nyuma, utageuka, nitamalizia mapaja mbele. Kuna sehemu hutaki niguse?" Subiri jibu. Wengine hawapendi kuguswa kichwa, wengine nyayo. Mama mwenye hijabu anaweza kutaka abaki nayo, na pengine atataka mkandaji wa kike. Kama wewe ni mwanaume, tafuta mwenzako kabla hajalazimika kuomba.

Mavazi anaamua yeye. Mwambie avue kiasi anachoona sawa na alale chini ya shuka, kisha toka nje. Gonga kabla ya kurudi. Shuka au khanga inafunika mwili wote, unafunua sehemu unayoikanda tu na kuifunika ukimaliza. Pembe ya shuka ichomekwe chini ya paja ili isiteleze. Mteja asiyehofia kuonekana ndiye anayelegea.

Kuhusu nguvu, mpe namba. Moja ni kama nguo imekugusa, kumi ni maumivu ya kupiga kelele. Kwa miguu iliyotoka mlimani, kaa kati ya tatu na tano siku ya kwanza na ya pili. Mgeni asiyejua Kiswahili wala nyinyi wawili hamna lugha ya pamoja, kubalianeni kwa ishara kabla hajalala kifudifudi: kuinua kiganja ni simama.

Mikono

Akilala kifudifudi, weka mto mdogo chini ya vifundo vya miguu, la sivyo vidole vitabanwa na kiuno kitakaza. Kiganja chako kikae juu ya shuka, mgongoni, kimya, kwa pumzi mbili tatu. Mimina mafuta kwenye kiganja chako, kamwe si juu ya mgongo wa mtu.

Mguu unaanza na mikono ya kuteleza, kiganja chote, kutoka kifundo kupanda hadi paja, uzito ukiwa unapopanda na mkono mwepesi unaporudi. Ukifika nyuma ya goti, ondoa uzito kabisa: pale mshipa mkubwa na neva viko juu juu. Rudia hadi ngozi ipate joto. Kisha shika shavu la mguu kwa mikono miwili, linyanyue kutoka kwenye mfupa, likamue pole pole na kuliachia, ukihama kidogo kidogo. Paja la nyuma lipe kigasha badala ya vidole. Kaa nje, mbali na kinena. Makalio yanakandwa juu ya shuka kwa ngumi iliyolegea, na yanahitaji, kwa sababu ndiyo yaliyoshikilia nyonga njia nzima, ila kwa ruhusa.

Akigeuka, mto uhamie chini ya magoti. Mapaja ya mbele ndiyo yaliyoumia zaidi na ndiyo yanayotaka upole zaidi. Teleza kwa viganja kutoka juu ya goti kupanda, tena na tena, bila kuchimba. Watu wanashangaa jinsi kazi nyepesi namna hii inavyomfanya mtu asimame vizuri zaidi.

Kwingine pa kuepuka: mbele na pembeni mwa shingo, kwapa, ndani ya kiwiko, kinena, mbavu za mwisho mgongoni zilipo figo, na uti wa mgongo wenyewe. Unakanda misuli iliyo kando ya uti, kamwe si mifupa yake. Kupinda shingo hadi ilie si kazi yako.

Mtazame mteja, usiangalie ukuta. Midomo inaweza kusema "niko sawa" huku vidole vya miguu vimejikunja, mkono umeshika ukingo wa kitanda na pumzi imesimama. Amini vidole. Punguza bila kungoja aombe, kisha uliza, "Hapo ni ngapi?" Na asiyetaka kuongea usimuongeleshe zaidi ya hilo.

Wapagazi wanahitaji mpango mwingine. Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 20, na mingine hubebwa kichwani, hivyo shingo, mabega na kiuno vimebeba zaidi kuliko mapaja, ambayo yamezoea mteremko. Kumfanyia mpagazi mpangilio uleule wa mtalii ni kumchukulia pesa yake bure.

Ukimaliza, mfunike, mwambie akae kwanza kitandani, miguu ikining'inia, kwa dakika moja. Aliyepungukiwa maji akisimama ghafla huona giza. Mpe maji. Usimwambie umemtoa sumu au asidi mwilini. Ile asidi ya misuli huondoka yenyewe ndani ya saa moja au mbili baada ya mazoezi, huyu alishamalizana nayo huko huko njiani. Masaji inapunguza maumivu na inalegeza, na hiyo inatosha kuuza.

Mwili wako na mipaka yako

Dole gumba ndilo linalokufa kwanza katika kazi hii. Tumia kigasha, kiganja na ngumi, na nguvu itoke miguuni: mguu mmoja mbele, goti limekunjwa, unaegemea badala ya kusukuma. Wateja wanne au watano wa saa nzima kwa siku ni wengi tayari. Mwenye spa anayekupangia nane anatumia mikono yako ya miaka ijayo.

Halafu lile ambalo kila mkandaji mjini analijua: atatokea wa kuuliza "huduma ya ziada". Jibu liwe moja, fupi, bila kucheka: "Hapa tunafanya masaji ya misuli tu. Tuendelee au tuishie hapa?" Akirudia, unatoka chumbani, huna deni la kueleza. Mlango usifungwe kwa funguo. Ukiitwa hotelini, mapokezi wajue umeingia chumba namba fulani na utatoka saa ngapi, na mtu wako mmoja awe na taarifa hiyo kwenye simu.

Mpaka una upande wetu pia. Mtu aliyelala bila nguo chini ya shuka hawezi kukataa kwa uhuru, kwa hiyo si mahali pa kumsimulia ada ya mtoto, kumtafutia mfadhili wala kumuuzia safari. Nimeona kazi nzuri ikiharibika hapo, na mgeni akaondoka akiamini kwamba alipolipa masaji alikuwa analipa huruma.

Makaratasi

TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA na leseni ya biashara ya manispaa ndiyo mwanzo. Ukitaka kujiita mtoa tiba, yaani kutangaza kwamba unatibu, unaingia kwenye Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake ndilo la kukusajili. Uliza kabla ya kuchora bango. Zile kadi za maswali nazo zina afya ya watu ndani yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihusu: zifungie kwenye droo yenye ufunguo, usizipige picha kuzirusha WhatsApp hata kwa utani, na mteja akitaka kuiona kadi yake, mpe.

Kila baada ya mteja andika mistari mitatu: ulikanda wapi, kwa namba ngapi, na alisemaje alipoinuka. Kesho yake mtumie ujumbe mfupi kuuliza mapaja yanaendeleaje. Akijibu kwamba maumivu yamezidi, andika na hilo. Akirudi mwakani kupanda tena, anza na kadi hiyo kabla hajavua soksi.